Hassan Fathy na Jengo Langu la Vioo

Wanachuo wenzangu, leo nakiri hadharani. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa ghorofa sita, vioo kuanzia chini mpaka juu. Mwalimu akauliza litapozwaje. Nikajibu fasta: AC. Akauliza tena, bili ya umeme atalipa nani? Kimya. Ndipo akanituma maktaba nikamsome Hassan Fathy.

Mzee huyu alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1900, akahitimu usanifu majengo Cairo mwaka 1926. Vita Kuu ya Pili ikafanya chuma na mbao kuadimika. Mwaka 1941 alikwenda Aswan, akakuta mafundi wa Kinubi wanapandisha kuba kwa matofali ya udongo bila kiunzi chochote cha mbao. Alichokitafuta kilikuwa mikononi mwa mafundi wa kijijini.

Kilichonigusa zaidi ni jaribio la mwaka 1964 huko Cairo. Vilijengwa vyumba viwili: kimoja cha tofali za udongo, ukuta wa sentimita 50; kingine cha paneli za zege, sentimita 10. Cha udongo hakikuzidi nyuzi 23 mchana kutwa. Cha zege kilifika 36, yaani joto kuliko nje! Jamani, tunajenga tanuri halafu tunanunua mashine ya kulipoza. Mashine inakula umeme, na umeme ukitoka kwenye mtambo wa gesi au mafuta, hewa ukaa inapanda angani.

Fathy hakuishia kwenye ukuta. Aliusoma mji wa kale wa Cairo: vichochoro vyembamba vinavyotunza kivuli, nyua zinazohifadhi ubaridi wa usiku, na vinara vya paani vyenye mdomo ulioelekea upepo ili kuushusha sebuleni. Kwake, kuokoa nishati kulianza pale mtaa unapochorwa, kabla hata ya kuchimba msingi.

Ila maisha yake hayakuwa mteremko. Katikati ya miaka ya 1940 alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, wahamishiwe watu kama 7,000 waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Nyumba zilikuwa nzuri kwelikweli. Wenyewe wakagoma, maana riziki yao ilikuwa kwenye makaburi yale, na serikali ilikuwa imeshaamua bila wao. Kazi ikakwama, ikamalizika sehemu tu. Mwaka 1957 akahamia Athens, akarudi baadaye. Kitabu chake kuhusu Gourna kilipotoka Marekani mwaka 1973, dunia ikaanza kumsikiliza. Alifariki Cairo mwaka 1989.

Sasa, mimi sitaki tumuige kibubusa. Cairo ni joto kavu; pwani yetu ina unyevunyevu, ukuta mnene peke yake hautusaidii, tunahitaji upepo upite. Cha kuiga ni maswali yake: jua linatoka wapi, upepo unavuma wapi, na anayekaa humu anaishije? Hilo la tatu ndilo lililomponza Gourna.

Nimechora upya. Vioo vimebaki upande wa kaskazini na kusini tu, chini ya vibaraza vya kivuli, na katikati nimeacha ua. Kabla ya kuwasilisha, nilipita hosteli chumba kwa chumba kuuliza watu wanalalaje usiku wa Februari. Wengi walicheka kwanza. Halafu wakanionyesha madirisha yasiyofunguka.