Marie Curie na Maneno ya Watu

Marie Curie alikuwa mwanasayansi. Alifariki mwaka 1934, lakini jina lake bado linatajwa duniani kote. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, zawadi kubwa inayotolewa nchini Uswidi kwa wataalamu waliofanya kazi ya kuwafaa wanadamu. Aliipata mara mbili. Katika somo hili tutasoma habari za kazi yake. Lakini zaidi tutatazama jinsi alivyoishi na maneno ya watu. Maana mwanamke huyu alisifiwa sana, tena alitukanwa sana, na kuna mwaka mmoja ambapo mambo yote mawili yalimpata pamoja.

Binti wa mwalimu

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 katika mji wa Warsaw, nchini Poland. Jina lake la utotoni lilikuwa Maria Skłodowska. Alikuwa kitindamimba katika watoto watano. Baba yake alikuwa mwalimu wa sayansi na hesabu. Mama yake naye alikuwa mwalimu, lakini aliugua kifua kikuu, akafa Maria akiwa na miaka 10.

Wakati ule nchi yake haikuwa huru. Warsaw ilitawaliwa na Warusi. Shuleni watoto walilazimishwa kusoma kwa Kirusi. Maria alimaliza shule mwaka 1883, akapewa medali ya dhahabu kwa kufaulu vizuri. Lakini chuo kikuu cha kwao hakikupokea wanawake. Basi yeye na dada yake Bronia wakapatana. Bronia aende Paris, Ufaransa, kusomea udaktari. Maria abaki, afanye kazi, ampelekee dada yake fedha. Bronia akishamaliza, naye amsaidie Maria.

Maria akaajiriwa na familia moja yenye uwezo huko shamba, awe mwalimu wa watoto wao nyumbani. Kila alipopata nafasi aliwakusanya watoto wa wakulima maskini, akawafundisha kusoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe. Serikali ya Warusi ilikataza jambo hilo. Kama angekamatwa, angeadhibiwa vikali. Hilo lilikuwa darasa la kisomo, ndugu msomaji, ila lilikuwa la siri.

Kijana wa nyumba ile alimpenda Maria, na Maria alimpenda. Wakataka kuoana. Wazazi wa kijana wakakataa. Hawakutaka mtoto wao aoe mtumishi asiye na mali. Maria aliumia sana. Lakini hakufunga mizigo yake, kwa sababu huko Paris dada yake alikuwa anangoja fedha. Aliendelea kukaa katika nyumba ile ile iliyomdharau, mpaka mwaka 1889. Mchana alifundisha. Usiku alijisomea hesabu na sayansi peke yake.

Mwaka 1891 zamu yake ilifika, akaenda Paris. Huko jina lake likawa Marie. Alikodi chumba kidogo cha darini. Wakati wa baridi maji yaliganda ndani ya beseni. Mara nyingi chakula chake kilikuwa mkate na chai. Mwaka 1893 akafanya mtihani wa fizikia, akawa wa kwanza. Mwaka 1894 akafanya wa hesabu, akawa wa pili. Mwaka 1895 akaolewa na Pierre Curie, mwanasayansi Mfaransa, mtu mpole aliyependa kazi kuliko makuu.

Kazi ya bandani

Mwaka 1896 mwanasayansi Henri Becquerel alikuwa amegundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi. Mionzi hii haionekani kwa macho, lakini inaweza kupenya karatasi nene na kuacha alama. Marie alianza kuipima. Akaona jambo la ajabu. Mawe fulani yenye urani yalikuwa na mionzi mingi kuliko urani yenyewe. Maana yake ni kwamba ndani ya mawe yale mlikuwa na kitu kingine kilichojificha. Mwaka 1898 yeye na mumewe walitangaza vitu viwili vipya. Cha kwanza wakakiita poloniamu, kwa heshima ya Poland. Cha pili wakakiita radiamu.

Wataalamu wa kemia hawakuridhika. Kitu kipya lazima kionekane, kishikwe, kipimwe uzito. Marie hakutumia siku zake kubishana nao. Aliagiza mabaki ya mawe kutoka mgodi wa Joachimsthal, uliokuwa nchi ya Austria wakati huo. Mabaki hayo yalikuja kwa tani, yakiwa bado yamechanganyika na majani ya msituni.

Pa kufanyia kazi palikuwa banda bovu. Zamani wanafunzi wa udaktari walilitumia kupasulia maiti. Paa lake lilivuja. Humo Marie alichemsha mabaki yale katika vyungu vikubwa, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma yenye urefu karibu sawa na kimo chake. Alichemsha, akachuja, akaacha yagande, akaanza tena. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka minne. Mwaka 1902 alipata sehemu moja ya kumi ya gramu moja ya chumvi safi ya radiamu. Huo ni uzito wa punje chache tu za mchele. Lakini ulitosha kuwekwa kwenye mizani, na waliokuwa na shaka wakanyamaza.

Yeye na Pierre wangeweza kuandikisha njia yao ya kutengeneza radiamu ili kila atakayeitumia awalipe. Hawakufanya hivyo. Waliandika kila hatua bure, kila mtu aisome.

Sifa zinapoingia nyumbani

Mwaka 1903 Pierre na Becquerel walipendekezwa kupewa Tuzo ya Nobel. Wanasayansi wa Ufaransa walioandika barua ya kuwapendekeza hawakulitaja jina la Marie hata kidogo. Pierre alipopata habari alipinga, na jina la mkewe likaongezwa. Wote watatu wakapewa.

Hapo mlango ukavunjika, kama tunavyosema. Waandishi wa magazeti wakaja bandani. Wakaja nyumbani. Wakaandika habari za mtoto wao mdogo, Irène, na hata habari za paka wa nyumba. Barua zikamiminika. Watu walitaka picha, hotuba na karamu. Katika barua kwa ndugu zake Marie alilalamika kwamba kazi imesimama.

Watu wengi hudhani matusi tu ndiyo yanayomharibia mtu kazi. Sifa nazo hula siku. Tena ni mbaya zaidi, kwa sababu mtu aliyetukanwa hukasirika akafunga mlango, lakini anayesifiwa huona haya kumfukuza mgeni. Marie na mumewe walikataa mialiko mingi. Hata safari ya Uswidi hawakwenda mpaka mwaka 1905. Wako walioona kwamba wana kiburi.

Tarehe 19 Aprili 1906 Pierre alikanyagwa na gari la farasi barabarani Paris, akafa pale pale. Marie alibaki na watoto wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa mwaka mmoja na miezi. Serikali ilitaka kumpa malipo ya mjane. Alikataa, kwa kuwa alikuwa na nguvu za kufanya kazi. Chuo Kikuu kikampa nafasi ya Pierre ya kufundisha. Hakuna mwanamke aliyewahi kufundisha pale kabla yake.

Siku ya somo la kwanza, tarehe 5 Novemba 1906, ukumbi ulijaa. Wengi hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wakubwa na matajiri waliokuja kumtazama mjane. Walitazamia machozi. Walitazamia asimulie habari za marehemu. Marie aliingia, akangoja makofi yaishe, akaanza kufundisha fizikia kuanzia mahali pale pale ambapo Pierre aliachia. Alipomaliza akatoka.

Mwaka huo huo mzee mmoja wa sayansi aliyeheshimiwa sana Uingereza, Lord Kelvin, aliandika gazetini kwamba huenda radiamu si kitu kipya, bali ni mchanganyiko wa vitu vya zamani. Haya hayakuwa matusi. Yalikuwa hoja, na hoja hupimwa. Marie aliichukua akarudi nayo kazini. Mwaka 1910, akisaidiwa na mwenzake André Debierne, aliitoa radiamu yenyewe ikiwa chuma cheupe kinachong'aa. Kelvin alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka 1911

Mwezi wa Januari 1911 Marie aliomba kuingia katika Baraza la Wanasayansi la Ufaransa. Magazeti yakagawanyika. Mengine yalimtetea. Mengine yalisema yeye ni mwanamke, mahali pake si pale. Yalisema ni mgeni. Yalisema ni Myahudi, kana kwamba Uyahudi ni kosa, tena hakuwa Myahudi. Zilipopigwa kura akashindwa kwa kura chache sana. Hakuomba tena maisha yake yote. Baraza hilo lilikaa mpaka mwaka 1979 ndipo likapata mwanamke wa kwanza kuwa mjumbe kamili.

Mwezi wa Novemba likaja kubwa zaidi. Marie alikuwa mjane kwa miaka mitano. Yeye na mwanasayansi mwenzake, Paul Langevin, walikuwa wamependana. Langevin alikuwa na mke na watoto. Barua zao zikaibiwa, zikatolewa magazetini. Hatuna haja ya kumtetea Marie katika jambo hili. Lakini magazeti hayakuishia hapo. Yalimwita mgeni aliyekuja kuvunja nyumba za Wafaransa. Watu wakakusanyika nje ya nyumba yake wakipiga kelele, watoto wakiwa ndani. Ikabidi rafiki zake wawahamishe.

Siku hizo hizo ikafika habari kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya pili, safari hii ya kemia. Mjumbe mmoja wa upande wa Uswidi akamwandikia kwamba ingekuwa afadhali asije kuipokea mpaka maneno yatulie. Marie alijibu kwamba tuzo ilitolewa kwa kazi ya radiamu na poloniamu, na kazi hiyo haihusiani na mambo ya nyumbani kwake. Mwezi wa Desemba akapanda gari moshi na dada yake Bronia na mtoto wake Irène, akaenda. Katika hotuba yake alieleza bila kusitasita kazi ipi aliifanya na Pierre, na ipi aliifanya mwenyewe.

Somo hili lingekuwa la uongo kama lingesema kwamba maneno hayakumgusa. Aliporudi Paris alianguka. Alipelekwa hospitali mwisho wa Desemba. Mwaka 1912 akapasuliwa figo. Alijificha kwa kutumia jina jingine, na karibu mwaka mzima hakuingia maabara. Kujilinda hakumfanyi mtu kuwa jiwe. Albert Einstein alikuwa amemshauri aache kuyasoma magazeti yale. Hilo ni rahisi kushauri. Kilichomrudisha ni kazi, na ilichukua muda.

Vita, na baada ya vita

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Marie aliona askari wakikatwa miguu kwa sababu madaktari hawakujua risasi iko wapi. Mashine za eksirei zilikuwapo, lakini zilikuwa katika hospitali za miji. Yeye aliziweka ndani ya magari. Alipata magari yapatayo 20, akasaidia kufungua vituo vipatavyo 200 karibu na mapigano. Alijifunza mwenyewe kuendesha gari na kubadilisha gurudumu. Irène, msichana wa miaka 17, alifanya kazi pamoja naye. Walifundisha wanawake wapatao 150 kutumia mashine hizo. Alitaka hata kutoa medali zake za dhahabu ziyeyushwe, wenye benki wakakataa.

Baada ya vita yale magazeti yaliyomtukana yakaanza kumwita fahari ya Ufaransa. Hakuyashukuru. Mwaka 1921 alialikwa Marekani. Wanawake wa huko walikuwa wamechanga dola 100,000 kumnunulia gramu moja ya radiamu, kwa sababu yeye aliyeivumbua hakuwa na uwezo wa kuinunua. Watu walimsalimia kwa mikono mpaka mkono wake ukaumia, akaufunga kitambaa. Usiku kabla ya kupokea zawadi kutoka kwa Rais Harding, alisoma hati na kuona imeandikwa kwa jina lake. Akataka ibadilishwe usiku ule ule, radiamu iwe mali ya maabara. Aliogopa kwamba akifa watoto wake watairithi kama mali yao.

Lakini yako maneno mengine ambayo aliyachelewesha mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vimeungua na kuwa vigumu. Macho yake yaliingia ukungu, akapasuliwa mara kadhaa. Katika miaka ya 1920 wasichana wa Marekani waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa waliugua na kufa. Madaktari walianza kusema wazi kwamba mionzi inaua. Hizo hazikuwa kelele za magazeti. Zilikuwa hoja za kupimwa, kama ile ya Kelvin. Marie aliwaamuru wafanyakazi wake wapimwe damu na wajikinge kwa ngao za risasi, yaani ule mtapo mzito. Yeye mwenyewe hakuifuata amri hiyo kwa uangalifu. Radiamu ilikuwa kazi ya maisha yake, na ilikuwa vigumu kwake kuisikia ikishtakiwa.

Tarehe 4 Julai 1934 alifariki katika hospitali ya milimani huko Ufaransa, akiwa na miaka 66. Damu yake ilikuwa imeharibika kwa mionzi. Alizikwa kando ya Pierre bila sherehe kubwa. Mwaka 1995 miili yao ilihamishiwa Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa mashujaa wa taifa.

Madaftari aliyoandikia kule bandani yamehifadhiwa Paris katika masanduku ya risasi. Karatasi zake mpaka leo zinatoa mionzi. Anayetaka kuyasoma lazima kwanza atie sahihi.