Ulimi Ulioambiwa Hauwezi

Kila msimu wa tamasha za drama unapowadia, hapakosi mwalimu wa kumwondoa mwanafunzi jukwaani kwa sababu matamshi yake yana athari ya lugha ya mama. Yafaa mwalimu huyo ayajue maisha ya Ira Aldridge.

Aldridge alizaliwa New York tarehe 24 Julai, 1807, mwana wa mhubiri aliyetamani kijana wake amfuate mimbarini. Alisoma katika shule ya Waafrika huru mjini humo, lakini shule yake ya pili, na huenda ndiyo iliyomfaa zaidi, ilikuwa roshani ya jumba la maonyesho la Park, walikotengewa watu weusi. Kutoka huko juu aliwasikiliza waigizaji wakitamka ushairi wa Shakespeare. Mnamo 1821 watu weusi wa New York walianzisha kikundi chao, wakaigiza Richard III, na kijana akajiunga nao. Polisi na wahuni hawakuwapa nafasi. Mwaka wa 1824 akavuka bahari kwenda Uingereza.

Ushairi huo si rahisi kuusema. Mshororo wake wa kawaida una mizani 10, si 16 kama tulivyozoea katika mashairi yetu, na aghalabu hauna vina; kinachoushikilia ni mkazo unaorudi mara tano. Mwigizaji akiughani kama utenzi, hasadikiki. Akiupuuza mdundo, unageuka porojo. Tena sauti haina budi kumfikia aliyeketi nyuma kabisa bila kugeuka kelele.

Aldridge aliigiza Othello jijini London mnamo Mei 1825, hata miaka 18 hajatimiza. Mwaka huo huo gazeti moja kubwa la huko liliandika kwamba, kwa umbo la midomo yake, hangeweza kamwe kutamka Kiingereza. Neno hilo liliandikwa juu ya mtu ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa!

Akaenda mikoani, akakaa huko miaka mingi, mji baada ya mji. Hapo ndipo alipokomaa. Mnamo 1828 alikabidhiwa usimamizi wa jumba la maonyesho la Coventry. Mbali na Othello, alijipaka rangi nyeupe usoni akawa Richard III, Macbeth, Lear, na Shylock, yule Myahudi tunayemjua kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Kujipaka huko kwaweza kutuchekesha leo, lakini kulimpa nafasi ambazo rangi yake ilimnyima. Na alipouaga mji, mara nyingi alihutubia watazamaji dhidi ya utumwa.

Machi 1833 Edmund Kean, nyota wa enzi hiyo, alianguka jukwaani Covent Garden akiwa katika nafasi ya Othello. Tarehe 10 Aprili Aldridge alisimama mahali pake. Suala la kukomesha utumwa lilikuwa likitokota nchini wakati huo, na magazeti ya London yalimshambulia bila huruma. Aliigiza mara mbili tu, basi.

Kuanzia 1852 alizuru Ulaya bara. Yeye alisema Kiingereza, wenzake jukwaani wakamjibu kwa Kijerumani, na kumbi zikajaa watu wasioelewa neno lake hata moja. Mfalme wa Prussia alimtunukia nishani ya dhahabu. Huko St. Petersburg mnamo 1858, mshairi wa Ukraine, Taras Shevchenko, ambaye hakuwa na lugha ya pamoja naye, alisuhubiana naye na kumchora picha. Walichokuwa wakikisikia watu hao ni mdundo na sauti iliyofunzwa.

Alifariki mjini Łódź, Poland, tarehe 7 Agosti, 1867, akiwa safarini kikazi, akazikwa huko. Bintiye Amanda, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei tu, alikuja kuwa mwimbaji na mwalimu wa sauti jijini London. Paul Robeson alipojiandaa kuigiza Othello huko mnamo 1930, ni Amanda aliyemfunza jinsi ya kuisema mishororo ile.