Jacob Wainwright, Mkristo wa Njia ya Misafara

Kabla ya reli kufika Dodoma mwaka 1910, mizigo ya kwenda bara ilipita Ugogo vichwani na mabegani mwa watu. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo mpagazi ndiye aliyechukua nguo za merikani, ushanga na masango kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wengine walisafiri na wake na watoto, wakaishi miaka njiani.

Katika Ulaya, Waroma wamedharauliwa karne nyingi kama watu wasio na kwao. Wapagazi nao walionwa kwa namna mbalimbali. Kwa Wanyamwezi kijana aliyefika pwani alihesabiwa mwanamume. Wale wa pwani walijiita waungwana, hata kama wengi wao walikuwa watumwa. Hapa Ugogo walikuwa wageni wanaokunywa maji yetu, na watemi wakawatoza hongo. Wazungu waliandika mengi kuilalamikia hongo hiyo, lakini msafara wa watu mia kadhaa waweza kukausha kisima kwa usiku mmoja, na mwenye kisima hubaki pale pale.

Mmoja wa watu hao wa njia alikuwa Mkristo wa Kanisa letu la Kianglikana, naye ni Jacob Wainwright. Alizaliwa Myao, akauzwa utumwani angali mtoto. Manowari ya Kiingereza ilimwokoa baharini, akapelekwa India, kwenye shule ya C.M.S. karibu na Nasik, walikolelewa watoto wa Kiafrika waliookolewa. Huko alibatizwa, akajifunza kusoma na kuandika Kiingereza.

Mwaka 1872 Stanley alituma watu kutoka Unguja wamfuate Dk. Livingstone aliyekuwa akingoja Unyanyembe, karibu na Tabora. Jacob aliandikwa pamoja na vijana wenzake wa Nasik. Msafara ulifika Unyanyembe mwezi Agosti, ukaondoka na mzee kuelekea kusini.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Hakuwapo Mzungu mwingine wa kuwaamuru. Susi na Chuma, waliomtumikia miaka mingi, waliongoza shauri, na wote wakakubaliana kuupeleka mwili pwani. Moyo waliuzika chini ya mti wa mpundu. Jacob, ambaye hakuwa padre wala katekista, alisoma ibada ya maziko, kisha akachonga jina la marehemu na tarehe katika gamba la mti. Mwili waliukausha juani, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti.

Walitembea miezi tisa. Wengine walikufa njiani. Mwezi Oktoba, Unyanyembe, walimkuta Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wauzike mwili pale pale. Walikataa. Watu ambao neno lao halikuhesabiwa mbele ya ofisa walilishika neno lao! Baadaye, waliposikia kwamba vijiji vya mbele havitaki maiti ipite, walifunga furushi la uongo wakalirudisha kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida wa mpagazi. Mwezi Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Hapo walilipwa mishahara yao wakaachwa waende zao. Ni Jacob peke yake aliyesafiri na jeneza, kwa kuwa C.M.S. ilimlipia nauli. Tarehe 18 Aprili 1874, katika Westminster Abbey, alikuwa miongoni mwa wanane waliosindikiza jeneza, pamoja na Stanley na Dk. Kirk. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko. Chama cha Jiografia cha London kilitengeneza medali kwa ajili ya wapagazi wote, lakini zilipofika Unguja wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika katika misafara mingine, wala hawakuzipata.

Jacob naye hakutulia Ulaya. Alirudi Afrika, akaitumikia C.M.S. kwa muda, akafika hata Buganda wakati wa Kabaka Mutesa. Shajara aliyoandika njiani ilichapishwa Ujerumani kwa Kijerumani. Mwenyewe alirudi katika kazi ndogo za misheni na za njia, kijana aliyekuwa amesimama mbele ya wakuu wa Uingereza.

Alifariki mwezi Aprili 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora, katika kituo cha Misheni ya London. Miaka 20 baadaye, mwaka 1912, reli ilifika Tabora, na misafara ya wapagazi ikatoweka katika njia ile.