Patrice Lumumba, na sehemu ya kila mumoja

Bandugu wachimbaji, mutu anayetoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, akisha kupita Likasi, anapita karibu na Shilatembo. Kule ndiko Patrice Lumumba alikufwa, usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Wengi wetu tunapita pale mu basi tukisinzia.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 ku Onalua, mu Sankuru, mutoto wa walimaji. Mbele ya siasa aliona mine: alikuwa karani wa kampani ya Symétain ku Kalima, mu Maniema. Karani, hapana mushika piki. Kisha akaenda Stanleyville, mu kazi ya posta, na mwaka 1954 akapata carte d'immatriculation, ile karatasi iliyomuhesabia Mweusi karibu na Muzungu. Aliitafuta kwa nguvu, tusimufiche. Sisi pia tunajua mwenzetu akipewa cheo cha kapita namna anavyoanza kutusalimia kwa mbali. Mu 1956 alifungwa juu ya feza za posta. Alipotoka buloko, akaenda Léopoldville kuuza bière ya Polar.

Ni hapo Aimé Césaire, mushairi wa Martinique, anapoanzia mchezo wake wa teatro, Une saison au Congo, uliotoka mu 1966: Lumumba yuko mu barabara, anasifu bière. Mu ule mchezo kuna watu wa banki, kuna Hammarskjöld wa ONU ambaye roho inamusumbua kwa kuchelewa, kuna Tzumbi na Mokutu, majina yaliyogeuzwa paka kidogo ili kila Mukongomani ayatambue. Kila mumoja anashika kipande chake cha kosa, na karibu wote wanasema si chao.

Mu maisha yenyewe ilikuwa vile vile. Januari 1960 walimuleta na pingu mu buloko ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kisha siku chache wakamutoa ili aende Bruxelles, ku Table ronde. Tarehe 30 Juni alikuwa Waziri wa Kwanza. Tarehe 11 Julai Tshombe akatenga Katanga, na Union Minière ikampa yeye kodi za shaba. Ile shaba, nani aliichimba? Baba zetu na babu zetu, ku Kolwezi, ku Musonoi, ku Kipushi. Mwisho wa mwezi walipata posho yao. Wengi hawakuwa na njia ingine. Wengine walifurahi, juu mu nyumba nyingi za kwetu jina lake lilikuwa la mukomunisti.

Alishikwa mu Desemba ku Lodi. Alikuwa amekwisha kuvuka muto, akarudi juu ya bibi yake na mutoto. Walimutupa Elisabethville pamoja na Mpolo na Okito, wakapigwa mbaya, wakauawa kwa risasi mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Maiti zikawekwa mu asidi ya salfiriki. Wenzetu wa usine za shaba wanaijua, ndiyo wanayoshika kila siku. Polisi mumoja Mubelgiji alibakisha meno.

Mobutu, aliyemukamata, alimuita shujaa wa taifa mu 1966. Césaire akakiingiza kile kitendo mu mwisho wa mchezo. Bunge la Ubelgiji lilisema mu 2001 kwamba mawaziri wamoja wa kwao walikuwa na responsabilité morale.

Mu 2022, mbele jino lifike, tulizungumza ile neno mu mukutano wa sendika. Muzee mumoja, ambaye baba yake alipakia shaba mu train wakati wa Tshombe, aliuliza kama inamufikia baba yake pia. Wengine walikasirika: mutu wa njaa hana kosa. Sisi tunaona alikuwa na sehemu ndogo, na kwamba hakuna mutu aliyemuonyesha feza zilikoenda. Tulibishana mpaka usiku.

Mu Juni jino likapitishwa Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa. Kutoka Kolwezi tulienda wachache. Yule muzee alienda.