Shemasi Nollet na Maji ya Ngaremara

Mwalimu mmoja wa sayansi huko Ngaremara, kaskazini mwa mji wa Isiolo kando ya barabara iendayo Archer's Post, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alitaka nimpe neno la Kiswahili la ile mitambo inayotoa chumvi katika maji ya visima. Wanafunzi wake walikuwa wameambiwa kwamba mtambo huo huchuja maji, nao wakataka kujua ni chujio gani liwezalo kuzuia chumvi, ilhali chumvi ikishayeyuka hupenya kila kitambaa. Watoto hao walikuwa na haki. Neno walilopewa liliwaficha jambo lenyewe.

Inashangaza kwamba swali hilo lilitoka mahali palipobeba maji katika jina lake. Ngare ni maji kwa lugha ya Kimaa, na ndilo neno lililomo pia katika asili ya jina la Nairobi, yaani maji baridi. Lakini jina halikati kiu. Katika sehemu nyingi kame za kaskazini mwa Kenya, kisima huchimbwa kwa gharama kubwa, maji yakapatikana, kisha anayeyaonja akakunja uso kwa chumvi.

Ili nimjibu mwalimu, nilirudi kwa mtu aliyefariki zaidi ya miaka 250 iliyopita. Jean-Antoine Nollet alizaliwa mwaka 1700 katika kijiji cha Pimprez, kaskazini mwa Ufaransa, katika familia ya wakulima. Elimu ya Kanisa ndiyo iliyomtoa kijijini. Alisoma theolojia mjini Paris, akapewa ushemasi mwaka 1728, wala hakuendelea hadi upadri, ingawa watu walimwita Abbé, kwa heshima ya watu wa Kanisa, hadi kufa kwake. Moyo wake ulikuwa katika kazi ya mikono. Alijua kufanyia kazi kioo na madini, na vyombo vya majaribio alivyovitengeneza vilisifika hata Voltaire akawa mmoja wa wateja wake.

Kuanzia miaka ya 1730 alifundisha fizikia hadharani mjini Paris. Alifundisha kwa Kifaransa, wakati ambapo Kilatini kilikuwa kingali na heshima kubwa vyuoni, na wanawake wasioruhusiwa kuingia vyuoni walijaa katika darasa lake. Aliamini kwamba msikilizaji hana budi kuona kwa macho yake. Mwaka 1746, mbele ya Mfalme Louis wa 15, aliwapanga askari 180 wakiwa wameshikana mikono, akapitisha umeme miongoni mwao, wakaruka wote kwa mara moja. Akademia ya Sayansi ya kifalme ilikuwa imeshampokea tangu mwaka 1739.

Jambo linalotuhusu lilitokea mwaka 1748, na lilitokea kwa bahati. Nollet alikuwa akichunguza sababu za vimiminika kuchemka na kutoa mapovu. Alijaza chupa pombe kali iliyokenekwa kutokana na divai, akaifunika mdomo kwa kibofu cha nguruwe, kisha akaizamisha katika maji ili hewa isiingie. Baada ya saa chache alikuta kibofu kimevimba kwa kujaa. Alipokitoboa kwa sindano, kimiminika kiliruka juu kwa nguvu. Maji yalikuwa yamepenya kibofu na kuingia chupani bila kusukumwa na mtu yeyote. Akageuza jaribio: maji ndani, pombe nje. Safari hii kibofu kilibonyea kwa ndani.

Nollet aliona, lakini hakufika mbali katika kueleza. Alidhani tu kwamba kibofu hukubali maji kwa wepesi kuliko kinavyokubali pombe, akaliacha jambo hapo. Wala hilo halikuwa upungufu wake pekee. Katika mabishano yake na Benjamin Franklin kuhusu umeme, alishikilia nadharia yake mwenyewe hata wengi walipomwacha. Alifariki mjini Paris mwaka 1770, bila kujua kwamba jambo alilolikuta pembezoni mwa utafiti wake lingedumu kuliko mengi aliyoyapigania.

Wengine walipokea kijiti. Katika miaka ya 1820 Mfaransa Henri Dutrochet alilipa jambo hilo jina, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya msukumo, na kutokana nalo tukapata osmosisi. Mholanzi van 't Hoff alionyesha jinsi ya kuupima msukumo huo kwa hesabu, na mwaka 1901 akawa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Hapa ndipo penye siri ya mtambo. Palipo na utando unaoruhusu maji na kuzuia chumvi, maji matamu huvuka yenyewe kwenda upande wenye chumvi. Lakini upande wa chumvi ukigandamizwa kwa nguvu kuushinda ule msukumo wa asili, maji hurudi nyuma na chumvi hubaki. Kwa maji ya bahari, msukumo wa kushindwa ni takribani mara 27 ya ule wa hewa inayotuzunguka, na pampu za viwandani hugandamiza kwa zaidi ya mara 50. Utando uliofaa kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan huko California mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1965 mji wa Coalinga ukaanza kupata maji kwa njia hiyo. Tangu kibofu cha Nollet hadi Coalinga ilipita miaka 217. Kwetu Kenya, mtambo wa namna hiyo unaoendeshwa kwa nishati ya jua ulianza kazi mwaka 2018 huko Kiunga, Lamu.

Sasa nimjibu mwalimu. Neno kuchuja halitoshi. Ningependekeza kukamua. Mpishi wa pwani hulikamua tui, akabaki na machicha mkononi, na kila mtoto aliyeona hilo anajua kwamba bila nguvu ya mkono hakuna tui. Mtambo hukamua maji kutoka kwa chumvi. Anayelielewa neno hilo ataelewa pia mengine: kwa nini pampu ikizimika maji matamu hukoma, kwa nini maji husafishwa tope kwanza ili utando usizibe, na kwa nini sehemu ya maji hubaki kuwa chumvi kali isiyofaa kumwagwa karibu na kisima kilekile.

Mambo haya si ya wahandisi peke yao. Kijiji kinachopewa mtambo bila kupewa maarifa yake hukaa kumngojea fundi kutoka mbali, na siku fundi asipofika, wanawake hurudi kubeba mitungi. Kwa hiyo namsihi mwalimu afanye alivyofanya Nollet. Siku mbuzi akichinjwa, aombe kibofu, akioshe, akifunge mdomoni mwa chupa iliyojaa maji ya sukari nzito, kisha aizamishe chupa katika maji na kuwaacha wanafunzi wangoje. Kibofu kitakapovimba mbele ya macho yao, awaambie jambo hilo kwa lugha wanayoielewa. Watakaoendesha mitambo ya maji ya kesho wameketi katika darasa lake leo.