Hirooka Asako: mama aliyeongoza kazi bila kupewa cheo

Leo tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Japani aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake ni Hirooka Asako. Tumemchagua kwa sababu swali lililopita katika maisha yake lingali wazi katika nchi yake, na linabisha hodi hata kwetu: mtu anayebeba kazi, mbona hapewi kiti cha kuamua?

Asako alizaliwa mwaka 1849 mjini Kyoto, katika ukoo wa Mitsui, matajiri wa biashara waliojulikana Japani nzima. Wavulana wa nyumba ile walisoma vitabu. Yeye, kama wasichana wenzake, alifundishwa kushona na kupanga maua. Alipofikia umri wa miaka 13 alikatazwa kabisa kusoma. Hata mume alikuwa amekwisha kuchaguliwa tangu Asako akiwa mtoto mdogo. Katika ujana wake aliolewa na Hirooka Shingoro wa Osaka, wa nyumba ya Kajimaya, iliyokuwa ikikopesha pesa kwa watawala wa majimbo.

Mume hakuvutwa sana na biashara. Asako aliona hatari hiyo mapema, akaanza kujifunza hesabu na utunzaji wa daftari za biashara usiku, watu wakiwa wamelala. Mwaka 1868 utawala wa zamani ulianguka. Mwaka 1871 majimbo yakafutwa, na madeni mengi ya watawala hayakulipwa kamwe. Nyumba nyingi za biashara mjini Osaka zilifilisika. Kajimaya nayo iliyumba, na bibi huyo aliyekuwa na miaka ishirini na kidogo tu ndiye aliyesimama mbele kuiokoa.

Asako alitambua kwamba Japani mpya ya treni na viwanda ingehitaji makaa ya mawe. Familia ikaingia katika machimbo ya Chikuho, kwenye kisiwa cha Kyushu. Mgodi wao wa Junno ulipokwama, hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe akakaa pamoja na wachimbaji, wanaume ambao hawakuzoea kuamriwa na mwanamke. Inasimuliwa kwamba alificha bastola kifuani. Mwishowe mgodi ule ukazaa.

Mwaka 1888 familia ilianzisha Benki ya Kajima. Mwaka 1902 kampuni tatu za bima ya maisha ziliungana, ikazaliwa Daido, ambayo ingali inafanya kazi hadi leo. Katika mambo hayo yote Asako alikuwa ubongo na mkono. Lakini kwenye karatasi, mkubwa wa benki na wa kampuni ya bima alikuwa shemeji yake. Sheria ya kiraia ya mwaka 1898 ilimhesabu mke kuwa mtu asiyeweza kufanya mikataba mizito bila ruhusa ya mumewe. Kazi ilikuwa ya mama. Sahihi ilikuwa ya baba.

Asako alijua mzizi wa jambo hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amenyang'anywa vitabu. Naruse Jinzo, aliyewahi kuwa mchungaji, alipomletea mpango wa kujenga chuo kikuu cha wanawake, alitoa pesa zake na kuzunguka kwa wakubwa akiomba michango. Ukoo wa Mitsui, ule uliomkataza kusoma, ukatoa kiwanja mjini Tokyo. Chuo kilifunguliwa mwaka 1901.

Mume wake alifariki mwaka 1904, naye Asako akakabidhi biashara kwa mkwe wake. Mwaka 1909 alipasuliwa kwa sababu ya uvimbe katika titi. Baada ya kukaribia kifo hivyo, mama huyu aliyezoea kutegemea nguvu zake alianza kumtafuta Mungu kwa bidii. Wakati wa Noeli ya mwaka 1911, akiwa na miaka 62, alibatizwa mjini Osaka na mchungaji Miyagawa Tsuneteru. Tangu mwaka 1914, kila kiangazi, alikusanya wanawake vijana karibu na mlima Fuji wajifunze pamoja. Mmoja wao alikuwa Ichikawa Fusae, ambaye baadaye alipigania haki ya wanawake kupiga kura na kuingia bungeni. Asako alifariki tarehe 14 Januari 1919, pasipo kuiona haki hiyo. Ilipatikana mwaka 1945.

Je, viti navyo vilifunguka? Polepole mno. Sheria ya kuwapa wanawake nafasi sawa kazini ilipitishwa mwaka 1985. Kampuni nyingi zikatengeneza njia mbili: moja ya kupanda vyeo, nyingine ya kazi za msaada, na wanawake wengi wakawekwa katika hiyo ya pili. Serikali ilijiwekea shabaha kwamba mwaka 2020 wanawake wawe 30 kwa mia ya viongozi. Mwaka ulifika, shabaha haikufikiwa, ikasogezwa mbele. Mwanamke anayejifungua, saa ndefu za kazi na vyeo vinavyotolewa kwa kuhesabu miaka ya utumishi mfululizo: hayo yote bado yanamrudisha nyuma.

Ndugu, tusiwacheke Wajapani. Lidia wa Thiatira alikuwa mfanyabiashara, na nyumba yake ilipokea kanisa la Filipi. Katika makanisa yetu wamama ndio wanaojaza viti vya ibada, wanaolima shamba la kanisa, wanaolisha wageni na kutembelea wagonjwa. Basi mkutano ujao wa kamati tuhesabu: wangapi kati yao wanakaa mezani pesa zinapogawanywa? Na kama mama ndiye anayefanya kazi ya mweka hazina, jina lililoandikwa kwenye daftari ni la nani?