Emin Pasha na watu waliobaki nyuma

Wengi wetu tunaizoea Semliki na tunaiona Ruwenzori asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Mwaka wa 1889 msafara wa wakimbizi ulipita katika bonde hili: askari, wake zao, watoto, wagonjwa wa kubebwa. Walipoondoka Kavalli, juu ya Ziwa Albert, walikuwa kama 1,500. Kati yao alikuwa mganga mmoja mwenye miwani, ambaye magazeti ya Ulaya yalimtangaza sana: Emin Pasha. Tunaeleza maisha yake hapa juu kuna jambo ndani yake ambalo sisi tuliorudi, na sisi tunaotembelea waliorudi, tunalijua vizuri.

Alizaliwa mwaka wa 1840 kwa wazazi Wayahudi, katika mji wa Oppeln, Prussia, ambao leo uko Poland. Jina lake lilikuwa Eduard Schnitzer. Baba alikufa yeye akiwa mtoto wa miaka mitano, mama akaolewa na Mkristo, naye akabatizwa. Kama angeishi mpaka wakati wa sheria za Nuremberg za 1935, ubatizo ule haungemsaidia kitu, maana sheria zile zilihesabu babu na bibi za mtu. Wayahudi waliozikimbia walifika mbali sana, wengine Kenya, wengine Shanghai kule China, mji ambao wakati ule mtu aliweza kushuka melini bila viza.

Schnitzer yeye aliondoka mapema. Alisoma uganga lakini hakupata ruhusa ya kutibu kwao, basi akaenda kwenye utawala wa Waturuki, akawa mganga wa karantini, akajifunza lugha nyingi na kuchukua jina la Mehmed Emin. Emin maana yake ni mwaminifu. Jina zito kulibeba.

Desemba 1875 alifika Khartoum, na mwaka wa 1878 Gordon akamfanya gavana wa Equatoria, jimbo la Misri kwenye Nile ya juu. Alikusanya ndege na mimea kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Hatumfanyi mtakatifu: askari wake walikula jasho la wenyeji, na pembe za ndovu zilijaa depo. Kiisha ikaja vita ya Mahdi. Khartoum ilianguka mwaka wa 1885, na Emin akabaki amefungiwa kule na watu wake, bila barua wala mishahara.

Stanley alikuja kumwokoa mwaka wa 1888. Kumbe si wote walitaka kuokolewa. Askari wengi walikuwa Wasudani, Misri hawakuijua hata kidogo. Agosti mwaka ule baadhi yao walimkamata Emin na kumfunga Dufile. Alipofunguliwa, wengine walikubali kuhama, lakini walikuwa wangali njiani na familia zao wakati Stanley alipokataa kungoja zaidi. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara uliondoka. Selim Bey na kundi lake walibaki.

Emin alifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba. Usiku ule kulikuwa na karamu, na yeye, ambaye macho yalikuwa karibu kufa, akaanguka kutoka dirisha la juu. Alilala hospitali wiki nyingi.

Mtu mwingine angepanda meli. Yeye mwaka wa 1890 akarudi bara, safari hii chini ya bendera ya Wajerumani, na neno hilo tusilifiche. Akaanzisha kituo cha Bukoba, kiisha yeye na Stuhlmann wakapita tena pembeni ya ziwa letu na bonde la Semliki. Mwaka wa 1891, upande ambao leo ni Ituri, akawakuta watu wa Selim Bey.

Wakamkataa. Wachache tu ndio walimfuata. Wengine walisema wao ni watu wa Khedive wa Misri, si wa Wajerumani.

Hapa tunasimama kidogo. Tulishafika mahali na gari na liste iliyoandikwa vizuri, tukiwa na hakika kwamba watu wangepanda mara moja. Mama mmoja akatuuliza tulikuwa wapi miezi ile walipokuwa wanalala nje. Hakuna aliyepanda siku ile. Tulikasirika, tuseme kweli, na baadaye tukaona aibu. Nia ya Emin tunaiamini, lakini ni yeye aliyeondoka.

Baada ya muda mfupi Mwingereza Lugard aliwafikia watu wale wale. Alikubali kwamba ruhusa ya Khedive iombwe kwanza. Wakaenda naye, watu zaidi ya 8,000, wakawekwa kwenye ngome za upande wa Toro. Wanubi wa Bombo na wa Kibera wengi wanatoka katika ukoo wa askari kama hao.

Desemba 1891 ndui iliingia kambini kwa Emin. Akamwamuru Stuhlmann aondoke na wazima. Yeye akabaki na wagonjwa, karibu kipofu. Mwaka uliofuata akaingia msituni kuelekea magharibi, na tarehe 23 Oktoba 1892 akauawa Kinena kwa amri ya Kibonge.

Binti yake Ferida, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi, alipelekwa Ujerumani, akalelewa na shangazi.